Mnyama asiye na mnunuzi: nani alipe dawa yake Katubuka?

Mbuzi mzima ana bei, na kila apitaye soko la Mwanga mjini Kigoma anaijua, au ataijua akiuliza mara mbili. Mbuzi aliyegongwa na pikipiki naye ana bei. Hii ya pili haitangazwi popote. Hupangwa pale pale barabarani, kati ya mwenye mbuzi na mwenye bucha, na hushuka kadiri jua linavyopanda.

Haraka hiyo ina sababu. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Kigoma na Ujiji, mnyama akifa kabla ya kisu kumfikia ni kibudu, na nyama ya kibudu haiuziki. Mkaguzi wa nyama naye hapigi muhuri nyama ya mnyama aliyejifia. Kwa hiyo mwenye mbuzi aliyevunjika mguu ana saa chache za kuchagua moja kati ya mawili: amwite bwana mifugo, au achinje na kuokoa sehemu ya mtaji wake.

Wengi huchinja, na kwa hesabu za biashara hawakosei. Matibabu ya jeraha kubwa huanza na sindano ya kuzuia vijidudu, mara nyingi penisilini au oksitetrasiklini. Mnyama akishachomwa, nyama yake haitakiwi kuliwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa, na kwa dawa zinazokaa mwilini muda mrefu siku hizo hufika wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba sindano ya kwanza hufunga mlango wa bucha. Mbuzi akifa siku ya nne, mwenyewe amepoteza mbuzi, dawa na ujira wa bwana mifugo. Kumtibu ni kucheza kamari. Kumchinja ni kupata hasara inayojulikana.

Sasa weka mbwa mahali pa mbuzi. Au paka, au punda mzee asiyebeba tena mzigo. Hapo hakuna bucha wala bei ya kutupa. Mwenyewe anayo gharama ya dawa upande mmoja, na upande wa pili hana kitu cha kuokoa. Anachoweza kufanya bila kutoa senti ni kuondoka, na ndivyo mnyama mwenye mwenyewe anavyogeuka kuwa mnyama asiye na mwenyewe, mara nyingi katika saa ile ile aliyoumia.

Jambo hili huelezwa kana kwamba ni la huruma tu, kwamba watu hawawapendi wanyama. Katubuka, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji ulipo uwanja wa ndege wa Kigoma, haina roho ngumu kuliko kata nyingine. Mtoto wa hapo atampelekea maji mbwa aliyelala mtaroni amevunjika nyonga. Atakachokosa ni mtu wa kulipa.

Mifuko iliyopo na inapoishia

Wa kwanza kutazamwa ni mwenye mnyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga amtunze mnyama wake na asimwache katika mateso. Kwenye karatasi suala limekwisha. Lakini sheria humbana mtu anayejulikana, na mbwa wa mtaani hana hati ya umiliki. Siku ya kufukuza mwizi mbwa huwa wa fulani. Siku ya kulipa bili huwa mbwa koko.

Wa pili ni Serikali. Wazee wanakumbuka enzi ambazo bwana mifugo wa Serikali alikuja na dawa ya Serikali. Marekebisho ya uchumi na uchangiaji wa gharama viliubadilisha utaratibu huo, na kufika miaka ya 1990 dawa za mifugo zilikuwa bidhaa ya maduka binafsi kama sukari na betri. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliweka Baraza la kusajili madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na milango ya huduma binafsi ikawa wazi kisheria. Fedha za umma zilielekezwa mahali zinapokinga watu wengi kwa pamoja: magonjwa ya mlipuko, chanjo, ukaguzi wa nyama. Jeraha la mnyama mmoja haliambukizi mtaa, basi halina kasma.

Mnyama asiye na mwenyewe alipofika kwenye meza ya halmashauri, kwa miaka mingi alifika kama kero. Halmashauri nyingi nchini zilitumia risasi au sumu kupunguza mbwa wazururaji. Ni njia inayoonekana rahisi kwa sababu hesabu zake huishia kwenye bei ya risasi.

Wa tatu ni bima, na hapa wasomaji wengi wamekuwa na matumaini yasiyo na msingi. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inalazimisha chombo cha moto kiwe na bima ya kumfidia mtu mwingine atakayekufa au kuumia mwilini. Mbuzi si mtu, ni mali. Kulipwa kwa mali kunategemea mkataba wa bima husika, na mwenye mbuzi lazima athibitishe kosa ni la dereva, wakati mara nyingi ni mbuzi aliyekuwa anazurura. Mbwa asiye na mwenyewe hata hawezi kuwa na mdai.

Bima za mifugo zenyewe zilibuniwa kwa shida nyingine. Ile inayotajwa sana Afrika Mashariki ilianza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, Januari 2010, ikisimamiwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Humlipa mfugaji kwa kutazama picha za setilaiti zinazoonyesha malisho yamekauka. Ni mpango wa busara kwa ukame. Setilaiti haioni mguu uliovunjika.

Unabaki mfuko wa nne, wa mfadhili.

Kilomita kumi na sita kutoka mjini

Kigoma yenyewe ina ushahidi kwamba mnyama anaweza kupata daktari hata kama hana mwenyewe. Boti zinazotoka mwalo wa Kibirizi kuelekea kaskazini hufika hifadhi ya Gombe, kama kilomita 16 kutoka mjini. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika huko Julai 1960. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipata ugonjwa wa kupooza, polio, na chanjo ilitafutwa ikatiwa ndani ya ndizi ili waile. Mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1977 taasisi yenye jina la Goodall ikaundwa Marekani, ikawa na njia ya kudumu ya kukusanya michango kwa wapenzi wa sokwe duniani kote.

Sokwe wa Gombe hana bei ya bucha hata kidogo, lakini ana mlipaji. Mtalii hulipa kumwona, mtafiti hulipa kumsoma, na mtu wa London au Chicago ambaye hatakanyaga Kigoma hulipa ajue tu kwamba sokwe yupo. Mambo ni hayo hayo Serengeti. Mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa kuondoa mitego ya nyaya hifadhini chini ya TANAPA na shirika la wanyama la Frankfurt, na wenye hoteli wakaingiza fedha zao. Hawakufanya hivyo kwa kuwa ni wapole kuliko wafanyabiashara wengine. Nyumbu aliyenaswa ni bidhaa yao.

Mbwa wa Katubuka hana mtalii. Je, anaweza kupata mfadhili?

Pwani ya Kenya kuna mfano. Mwaka 1987 shirika la punda la Uingereza, The Donkey Sanctuary, lilifungua zahanati ya punda mjini Lamu, ambako punda ndiye lori na ndiye teksi. Huduma ilitolewa bure. Shirika hilo, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na wosia: Waingereza wanaofariki na kuliachia nyumba au akiba. Mgongo wa punda wa Lamu ulipakwa dawa kwa urithi wa bibi kizee wa Devon.

Utaratibu huo umesaidia wanyama wengi, na hakuna sababu ya kuubeza. Ila mfanyabiashara atauliza swali la mfanyabiashara: mapato yakipungua kule, nani anaamua kliniki ipi ifungwe? Pemba ilijibu swali linalofanana na hilo. Chanjo ya mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa ilitolewa kisiwani humo na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Chanjo ikalegalega, mbwa wenye ugonjwa wakaletwa kutoka nje ya kisiwa, na mwaka 2016 ukarudi. Ilibidi kazi ianze upya mpaka ukakomeshwa tena mwaka 2018. Fedha za mradi huwa na tarehe ya mwisho, na virusi havisomi kalenda ya mradi.

Kichaa cha mbwa ndicho hasa kinachowafanya hata wasiojali wanyama wawe na hisa katika suala hili. Makadirio ya watafiti, yaliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, yaliweka vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo nchini Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka, wengi wakiwa watoto wa vijijini. Mbwa aliyejeruhiwa huuma hata kama hana ugonjwa, kwa maumivu tu. Aliyeumwa hawezi kusubiri kujua. Inabidi aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha akimbilie hospitali aanze sindano, na sindano zenyewe si moja. Familia hulipa nauli, hulipa dawa, hupoteza siku za kazi. Kwa hiyo bili ya mbwa aliyeachwa mtaroni haifutiki. Huhamia kwa mzazi wa mtoto aliyekwenda kumpa maji.

Hesabu ya mfuko wa mtaa

Kama mwenyewe hapatikani, Serikali haina kasma, bima haihusiki na mfadhili hana uhakika, kinachobaki ni fedha ya mtaa wenyewe. Kigoma si wageni wa mambo haya. Upatu, VICOBA na vyama vya kuzikana vipo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Msiba huchangiwa baada ya kutokea, na maiti hazidishi gharama kwa kusubiri saa tatu. Jeraha huzidisha. Mbwa aliyechanika ngozi asubuhi anahitaji kusafishwa, ganzi, uzi na sindano. Akichangiwa mpaka kesho kutwa, jeraha limeoza na bili imeongezeka mara kadhaa, au hana haja tena ya bili. Mchango wa dharura unatakiwa uwe umekwisha kutolewa kabla ya dharura.

Tuchukue hesabu ya mfano. Si bei za soko, ni za kuonyesha njia. Kaya 60 za mtaa mmoja zinatoa shilingi 1,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 720,000. Tuseme tukio la kawaida, jeraha la kushonwa au kuumwa na mbwa mwenzie, linagharimu 30,000. Mfuko unatibu wanyama 24 na umekwisha.

Lakini si wote 24 wasio na wenyewe. Tuseme 16 wana wenyewe waliokosa fedha siku hiyo tu, na 12 kati yao wanarejesha kidogo kidogo. Zinarudi 360,000, yaani wanyama 12 zaidi. Wakirejesha kwa kiwango kile kile, wanapatikana 6 wengine, halafu 3. Fedha iliyotosha wanyama 24 inaelekea 48 bila mchangiaji kuongezewa hata shilingi. Hapa ndipo mfuko wa kuzunguka unapoushinda mfuko wa sadaka: mwenye mbuzi analipa, polepole, na malipo yake ndiyo yanayomwokoa mbwa asiye na wa kumlipia. Na yule mwenye mbuzi hachezi tena kamari peke yake, basi huenda asikimbilie kisu.

Sasa aletwe mbwa mwenye mfupa wa paja uliovunjika vipande, anayehitaji kupasuliwa. Tuseme 300,000. Huyo mmoja amekula matibabu ya wanyama kumi. Mikutano ya mifuko ya aina hii hufia hapa, kwa kuwa mnyama yupo mbele ya macho na wale kumi hawajaumia bado. Ni lazima kiwango cha juu kwa mnyama mmoja kiandikwe kabla mnyama yeyote hajaletwa, na kiandikwe vilevile kwamba asiyeweza kupona ndani ya kiwango hicho, na mateso yake ni makubwa, daktari wa mifugo atamwua bila maumivu. Kifo cha namna hiyo nacho ni huduma, kina gharama, na kinapaswa kuwa na mstari wake kwenye daftari. Mweka hazina wa mfuko huu anatakiwa awe na moyo mgumu kidogo kuliko mwenyekiti.

Hatari ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Habari zikienea kwamba Katubuka kuna dawa ya bure, wa Gungu na Ujiji wataleta mbwa wao usiku na kuwafunga mlangoni. Hii si dhana tu. Maria Dickin alipofungua zahanati yake ya wanyama wa maskini Whitechapel, London, mwaka 1917, foleni ilikuwa ndefu kiasi cha kuhitaji polisi. Shirika lililotokana naye, PDSA, bado lipo, na hutaka mteja athibitishe kwanza kwamba kipato chake ni cha chini. Kwa mtaa wa Kigoma uthibitisho wa karatasi hauna maana kubwa, ila balozi na jirani wanajua mbwa ni wa nani. Ni vizuri pia mfuko usijenge banda. Banda huhitaji mlinzi, chakula na kodi, na baada ya miezi sita huwa linakula fedha zote za dawa. Mnyama akishonwa, aende kwa kaya iliyokubali kumtazama siku kumi.

Wa kushika fedha ni suala linalovunja vikundi vingi kuliko umaskini. Njia salama ni fedha isipite mikononi mwa mtu. Duka la dawa za mifugo likubali kutoa dawa kwa mali kauli, mtaalamu aliyesajiliwa asaini kilichotumika, na mfuko ulipe duka mwisho wa mwezi kwa kulinganisha saini na risiti. Duka linapata mteja wa uhakika. Mtaalamu hajaribiwi kutibu kwa dawa zilizokwisha muda. Kikundi chenyewe kisajiliwe halmashauri, maana kinachokusanya na kukopesha fedha za wanachama kinaguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Wachangiaji wasiwe kaya tu. Mwendesha pikipiki aliyemparamia mbwa gizani huumia yeye na abiria wake. Mwenye bucha hupoteza wateja mbwa wagonjwa wakizagaa nyuma ya duka. Hao wana sababu za kulipa zisizohitaji mahubiri. Fungu la kwanza kabisa la michango yao linunue chanjo kwa wale wawili au watatu watakaoshika wanyama waliojeruhiwa, na glovu nene. Kikundi kikimpoteza mtu mmoja kwa kichaa cha mbwa, hakuna atakayechangia tena.

Siku ya kukusanya nayo ichaguliwe kwa akili. Fedha za Kigoma hufuata ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka boti nyingi hukaa ufukweni na mifuko hukauka mpaka kwa mama lishe. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ukavu huo uliendelea miezi mitatu. Mfuko unaodai shilingi 1,000 kila tarehe mosi utawakuta wanachama hawana kitu mara kwa mara na kuwaita wadaiwa sugu. Unaokusanya katika wiki ya giza, wakati boti zinarudi Kibirizi na mzigo, utaikuta shilingi hiyo mkononi kabla haijaingia dukani.